JUMANNE: Siku Tatu za Kwanza

Soma Luka 10:33–35. Baada ya kufunga majeraha, Msamaria alifanya nini?

Nkwenda, kama kwingineko Kyerwa, migomba hulisha watu, na ndizi zake ndizo hutengenezewa rubisi. Gongo nayo hupatikana. Mwezi Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, lakini marufuku peke yake haimfungui aliyekwisha kufungwa.

Washiriki wanaotembelea nyumba kwa nyumba humsihi mlevi aache pombe siku hiyohiyo. Ni ombi jema, ila lina hatari isiyofundishwa vya kutosha. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, huanza kutetemeka kabla siku haijaisha. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa, hata kuona wadudu wasiokuwepo. Ndugu wakidhani ni mapepo, humfungia chumbani na kukemea usiku kucha. Anaweza kufa humo. Huo ni ugonjwa, na hospitali ina dawa yake.

Aombewe, tena kwa bidii, lakini akiwa njiani kwenda kwa mganga. Msamaria hakuona aibu kumkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni. Alitoa dinari mbili, akaahidi kurudi. (Huko kurudi ndiko husahaulika.)

Jadilini darasani: Ndugu akiamua kuacha pombe wiki hii, nani atamsindikiza hospitali? Nani atakaa na watoto wake? Nauli ya bodaboda itatoka wapi?