Somo la Nne: Pikapu ya Kwanza ya Dizeli, Uendeshaji na Maboresho Yake

Kwa mkulima wa Miteja anayeuza ufuta mnadani, au kwa mchuuzi anayefuata samaki Somanga alfajiri na kuwafikisha Nangurukuru kabla jua halijawa kali, pikapu ya dizeli ni zaidi ya chombo cha kusafiria. Ni akiba ya miaka kadhaa iliyogeuzwa kuwa chuma. Gari likiharibika injini katika mwaka wa kwanza, kinachopotea ni mtaji wenyewe, na mara nyingine ni shamba lililowekwa rehani.

Tumeandika somo hili kwa ajili ya mtumiaji ambaye hajawahi kumiliki gari la namna hii. Hoja yetu ni kwamba fedha zinazobaki baada ya kununua pikapu ziende kwanza kwenye mafuta safi, mfumo wa kupooza injini, tairi na breki. Springi nzito, tairi pana na nguvu ya ziada ya injini visubiri, na baadhi yake visifanywe kabisa.

Jua kwanza injini uliyonunua

Pikapu zinazouzwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika zina injini za namna mbili. Ipo ya zamani, kama ile ya Toyota Hilux iitwayo 5L, isiyo na tabo, yenye pampu ya kawaida na nozeli zinazofunguka kwa msukumo wa mafuta. Injini hiyo ni nzito na ya polepole, lakini ni mvumilivu. Ipo pia ya kisasa, kama 2KD na 1KD za Hilux zilizofuata, ambayo dizeli husukumwa katika bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalozidi bar 1,000, kisha kompyuta ikaamuru kila nozeli ifunguke kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ili msomaji apate picha, shinikizo hilo ni zaidi ya mara mia nne ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo.

Tofauti hii ndiyo inayoamua gharama zako. Katika injini ya kisasa, nozeli na pampu vina nafasi nyembamba kuliko unywele, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Tone la maji au punje ya vumbi ambayo injini ya zamani ingeikohoa na kuendelea na safari, huweza kuziharibu nozeli zote nne. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambie fundi unayemwamini akuoneshe namba ya injini na aihakiki na ile iliyo katika kadi ya usajili. Zikitofautiana, injini imebadilishwa bila kumbukumbu kurekebishwa, na tatizo hilo utalirithi wewe pamoja na gari.

Mafuta

Tangu mwaka 2010, mafuta yanayouzwa nchini kwa ajili ya soko la ndani yamekuwa yakiwekwa vinasaba ili wakaguzi waweze kutambua yaliyochanganywa au kukwepa kodi. Kwa upande wa ubora, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni. Ulinzi huo wote huishia kwenye pampu ya kituo chenye leseni. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya njia haina mlinzi. Hata kama muuzaji ni mwaminifu, dumu lenyewe huenda jana lilibeba mafuta ya taa au maji ya kisima.

Yapo mambo ambayo mtumiaji anaweza kuyapima mwenyewe. Mimina dizeli kidogo katika chupa ya kioo iliyo safi na kavu, uiache itulie kwa nusu saa. Maji huzama chini na kuonekana kama tabaka tofauti. Uchafu nao hutua. Mafuta ya taa hayaonekani kwa njia hii, kwa kuwa huchanganyika kabisa na dizeli. Hayo hugunduliwa kwa vipimo vya wakaguzi tu, nasi tunawasihi watumiaji wasimwamini yeyote anayedai kuyatambua kwa kunusa kiganja.

Pwani yetu ina unyevu mwingi. Tangi likikaa nusu tupu usiku kucha, hewa iliyomo hupoa na kuacha matone ya maji. Jaza tangi jioni, si asubuhi, kadiri mfuko unavyoruhusu. Chini ya chujio la dizeli, katika magari mengi, kuna skrubu ya kutolea maji. Jifunze kuifungua, na ufanye hivyo angalau mara moja kwa mwezi wakati wa masika. Taa ya chujio ikiwaka kwenye deshibodi usisubiri kufika nyumbani. Na ikitokea mhudumu amekutilia petroli kwa makosa, usiwashe injini, wala usigeuze ufunguo ili tu kusogeza gari pembeni. Lisukumeni kwa mikono, kisha tangi limwagwe. Makosa hayo yakigunduliwa kabla ya kuwasha, gharama yake ni ya siku moja.

Daima dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nazo hutofautiana kati ya eneo na eneo. Kituo kinaweza kuuza chini ya bei hiyo, hakiruhusiwi kuizidi.

Kupooza injini

Hapa tutakuwa wafupi, kwa sababu ushauri ni mchache ingawa hasara zake ni nyingi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hula rejeta na silinda hedi kutoka ndani. Tumia kimiminika cha kupoozea kinachopendekezwa na mtengenezaji. Ukikwama njiani, tumia maji safi ya chupa, kisha ubadilishe ufikapo kwa fundi. Tena, wapo mafundi ambao hung'oa themostati wakidai kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho hakina kazi. Si kweli. Bila themostati injini ya dizeli huchelewa kufikia joto lake la kazi, hutumia mafuta mengi zaidi na kuchakaa mapema. Themostati mbovu hubadilishwa kwa nzima.

Kuhusu oili, usishtuke ikiwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Masizi ya dizeli ndiyo huitia weusi. Angalia kwamba kopo limeandikwa daraja linaloanza na herufi C, ambalo ni la dizeli, na ufuate kilometa zilizotajwa katika kitabu cha gari. Kwa gari la mizigo linalopita kwenye vumbi, ni busara kubadilisha mapema kuliko hapo.

Mzigo, springi na breki

Tumfikirie mwenye pikapu anayechukua korosho kutoka shambani hadi ghalani. Kibati kilichopo mlangoni mwa gari lake kinasema uzito wa mwisho unaoruhusiwa, gari na vyote vilivyomo, ni kilo 2,800. Gari tupu lina kilo 1,750. Zimebaki kilo 1,050. Anapakia magunia 12 ya kilo 80, jumla kilo 960, na kuona kwamba bado ana nafasi. Kisha yeye na wasaidizi wake wawili wanaingia, kila mmoja akiwa na kilo 70. Jumla imekuwa kilo 1,170. Amezidisha kilo 120 bila hata mmoja wao kuketi juu ya mzigo, jambo ambalo ni kosa kisheria na ambalo tumeshuhudia likigharimu maisha.

Hakuna atakayemwambia kwamba amezidisha. Mizani ya barabara kuu huyahusu magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na pikapu nyingi haziufikii. Mwenye gari ndiye mizani. Hivyo yampasa asome kibati chake na kufanya hesabu hii kwa penseli, kabla ya kupakia.

Badala ya kufanya hesabu, wengi huona sehemu ya nyuma imelala na kwenda kwa fundi kuongeza springi. Gari husimama sawa tena, na mwenye gari hurudi nyumbani ameridhika. Tunaomba msomaji asome kwa makini sehemu inayofuata, kwa maana ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili.

Katika pikapu nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, ipo valvu ndogo iliyounganishwa na ekseli hiyo kwa ufito wa chuma. Kazi yake ni kutambua kimo cha bodi. Bodi ikishuka, valvu hujua kwamba mzigo upo, nayo huruhusu breki za nyuma zifanye kazi kwa nguvu zaidi. Bodi ikiwa juu, huchukulia kwamba gari ni tupu, na hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari kuserereka. Sasa springi zikiongezwa, bodi haishuki tena hata magunia yakijaa. Valvu hudanganyika. Gari lililobeba zaidi ya tani moja hufunga breki za nyuma kama gari tupu, na kazi yote huangukia breki za mbele, ambazo huchemka. Dereva haoni dalili yoyote katika tambarare ya Miteja. Huiona anapoteremka na mzigo kutoka vilima vya Kipatimu kuelekea Njia Nne.

Kuinua gari kwa ajili ya urembo huleta matokeo yaleyale. Ikiwa springi zako zimechoka, badilisha kwa zilezile za kiwandani. Ikiwa ni lazima kuongeza, mwulize fundi, kabla hajaanza kazi, atairekebisha vipi valvu hiyo. Fundi asiyejua unazungumzia nini asiliguse gari lako.

Katika mteremko, weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na uiache injini ilizuie gari. Baadhi ya madereva huweka gia huru, au huzima injini kabisa, wakiamini wanaokoa mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe pale dereva anapoondoa mguu huku gari likiwa ndani ya gia, hivyo gia huru haiokoi chochote. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwa kuwa kifaa kinachousaidia mguu wako kwenye breki huendeshwa na injini hiyohiyo.

Pikapu tupu nayo ina tabia yake. Nyuma ni nyepesi, na katika lami iliyolowa au mchanga hupoteza mshiko ghafla. Punguza mwendo kwenye kona. Gia ya magurudumu manne itumike katika tope na mchanga, si katika lami kavu, ambako hukaza na kuvunja vyuma vya gia.

Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, na watu wengi walijifunza kwamba maji yanayopita juu ya barabara huficha shimo. Kwa injini ya dizeli ipo hatari nyingine. Maji yakivutwa kupitia chujio la hewa hayashindiliki kama hewa, na pistoni inayokutana nayo hupinda mikono yake. Injini ikizimika majini usijaribu kuiwasha.

Maboresho yanayolipa

Mtu akituuliza afanye nini na fedha kidogo alizonazo, tunamwambia anunue chujio la pili la kutenganisha maji na dizeli, tairi zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari lake, ndoano imara za kufungia mzigo, na rangi ya kuzuia kutu chini ya chasisi. Hili la mwisho ni la lazima kwa wabeba samaki. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi hudondoka kwenye chasisi safari baada ya safari, na kutu huanzia mahali pasipoonekana. Weka sanduku lisilovuja, na osha chini ya gari kwa maji baridi kila jioni.

Tairi kubwa kuliko za kiwandani huidanganya spidomita. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10, mshale ukionesha 50 gari linakwenda 55, na 50 ndiyo kikomo unapopita vijijini. Kuhusu kuongeza nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta, nguvu hiyo hutoka katika mafuta mengi zaidi na joto kubwa zaidi, na klachi, tabo na pistoni hazikuulizwa. Kwa injini yenye umri wa miaka 15 hatupendekezi.

Ukibadilisha injini au rangi, toa taarifa TRA ili kadi irekebishwe, na umjulishe mwenye bima. Madai ya ajali hukwama kwa mambo kama haya. Ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, fika LATRA uulizie leseni.

Kazi yoyote kubwa ya fundi iwe na makadirio ya maandishi, na spea zilizotolewa urudishiwe mkononi. Spea ikishindwa mapema, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na spea yenyewe. Asipokusikiliza, malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, ya viwango TBS, na ya mafuta EWURA. Kwa mafuta, simamisha gari mara tu unapohisi tatizo, na usiruhusu fundi amwage tangi kabla ya wakaguzi kuelekezwa mahali lilipo, maana kilichomo tangini ndicho ushahidi wako.