Chuma na Joto

Chuma hukua kipatapo joto, na kipoapo hurudi. Wahunzi wa Kinyiha, waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika nchi ya Mbozi zamani, walijua kwamba chuma hulainika motoni. Lakini kukua kwake ni kudogo mno, jicho halikuoni upesi.

Basi tazama reli ya TAZARA ipitayo Mpemba, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Usiku wa Juni baridi ni kali. Adhuhuri jua huwaka, na reli huwa ya moto kuliko hewa yenyewe. Kipande cha reli chenye mita 10, joto lake likizidi kwa digrii 30, hurefuka milimita 3 na nusu hivi. Ni kitu kidogo! Lakini vipande 100 vikigusana pasipo nafasi, huzidi theluthi ya mita. Urefu huo uende wapi? Reli husukumana na kujipinda kando kama nyoka, na gari la moshi huweza kuanguka.

Kwa hiyo, katika reli ya viungo, mafundi huacha upenyo mwembamba kati ya kipande na kipande, na matundu ya viungo huwa mapana kidogo kuliko parafujo, ili chuma kipate kusogea. Ule mlio wa ta-ta, ta-ta ausikiao abiria ni wa magurudumu yakivuka nyufa hizo.