Wakili wa kufilisika Marekani: nililipa kiasi gani, na kwa nini nilimkimbia wa bei rahisi

Wakili wa kwanza aliniambia dola 700. Wa pili akasema 1,900. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima mwenye ofisi juu ya duka la miwani hapa Columbus, Ohio, hakutaja bei kabisa. Aliniuliza kwanza: "Una ardhi popote duniani?"

Nikacheka. Mimi ni mtu wa ghala, nasukuma maboksi usiku kucha, ardhi nitaitoa wapi? Halafu nikakumbuka kiwanja cha Kibaha nilichomnunulia mama mwaka 2014. Nilipokitaja, akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema haya, sasa tunaweza kuongea bei.

Wale wawili wa mwanzo hawakuniuliza swali hilo, na hapo ndipo nilipojua nani wa kumpa hela yangu.

Hali yangu ilikuwa hivi: kadi tatu za mkopo, bili za hospitali, na salio la gari lililokuwa limeshachukuliwa. Jumla dola 31,000 na ushee. Mdai mmoja alikuwa ameshanishinda mahakamani, na mshahara ukaanza kukatwa robo nzima kabla haujanifikia. Kwetu ukisema fulani amefilisika, watu wanaona dalali wa mahakama na makochi yametolewa barazani. Huku ni karibu kinyume chake. Siku shauri linapofunguliwa, sheria inawafunga wadai mikono: simu zikome, barua zikome, kukatwa mshahara kukome. Kwa hiyo tuweke wazi kwamba wakili unamlipa akuwekee zuio hilo, na aliweke bila kukuharibia mengine.

Tuanze na pesa ambazo si za wakili, maana ndizo zinazofichwa kwenye matangazo. Mahakama inatoza dola 338 kufungua shauri la Sura ya 7, ile wengi wetu tunayoiita chapta seveni, ambayo madeni mengi yanafutwa moja kwa moja. Sura ya 13, ambayo unalipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano, ni dola 313. Ukiomba, unaweza kuilipa ada hiyo kwa mafungu manne. Na kwenye Sura ya 7, kama kipato chako kiko chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali, unaweza kuomba usamehewe yote. Kuna pia madarasa mawili ya lazima, la kwanza ndani ya siku 180 kabla ya kufungua na la pili baada yake. Yangu nilisoma mtandaoni, dola 15 kila moja. Zile dola 700 za wakili wa kwanza hazikuwa na hata senti ya vitu hivi. Nilipomuuliza kama atakuwepo kwenye kikao na mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisika, akasema hiyo ni ada nyingine.

Kwa nini wakili wa Sura ya 7 anataka hela yote mbele? Mwanzoni niliona ni ukatili: mtu hana kitu, unamdai taslimu? Sababu yake ni rahisi. Ukifungua shauri huku unadaiwa na wakili, deni lake linaingia kwenye foleni na kufutwa pamoja na la kadi. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lamie, iliamua kwamba wakili wa mdaiwa hawezi kulipwa kutoka kwenye mali iliyo mikononi mwa mfilisi, isipokuwa mfilisi mwenyewe amemwajiri. Sura ya 13 ni tofauti. Humo ada ya wakili inaingizwa kwenye mpango wa malipo, na mahakama nyingi zimeweka kiwango kinachopita bila maswali, ambacho huwa ni maelfu kadhaa ya dola. Ndiyo maana ukiona bango la "anza bila kulipa chochote", uliza haraka: hii ni sura ya ngapi? Nimeona watu waliostahili Sura ya 7 wakiingizwa kwenye miaka mitano ya malipo kwa sababu tu hawakuwa na dola elfu moja siku hiyo.

Mimi nilizipataje? Mama wakili aliniambia niache kuzilipa zile kadi. Mwezi nilikuwa nawatupia dola 420 za kiwango cha chini, na deni halisogei. Hela hiyo nikaanza kumpelekea yeye. Nilipomuuliza kama naweza kumlipa kwa kadi ya mkopo, alikataa katakata, na sheria inamkataza kabisa kumshauri mteja akope ili amlipe. Kungoja nako kulinisaidia, kwa sababu kipimo cha kipato kinatazama miezi sita kamili iliyotangulia mwezi wa kufungua, na mimi nilikuwa nimejaza ovataimu za Krismasi. Kufikia Julai zilikuwa zimeshatoka kwenye hesabu. Kama kipato kingezidi cha wastani wa jimbo, fomu zingeongezeka, na bei nayo ingepanda.

Sasa yale ya kwetu, ambayo hakuna tangazo litakalokuambia.

Nilikuwa na deni la kaka, dola 2,000. Marejesho ya kodi yalipoingia nilitaka nimlipe yeye kwanza, damu ni damu. Wakili akanizuia. Ukimlipa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri, mfilisi anaweza kumfuata na kuzidai zile hela zirudi. Kaka alinuna wiki mbili. La pili ni mchezo. Tuko kumi, dola 300 kila mwezi, na mimi nilikuwa nimeshapokea mwezi Machi. Kwa macho ya mahakama, michango iliyobaki ni deni, na wenzangu tisa ni wadai. Majina yao yakaandikwa, na kila mmoja akatumiwa barua ya mahakama. Nilimpigia simu dada mweka hazina kabla bahasha haijamfikia, na sitasahau ule ukimya. Nilimwahidi nitaendelea kuchanga, na nimechanga mpaka mwisho. Sheria haikukatazi kulipa kwa hiari deni lililofutwa, inamzuia mdai tu asikulazimishe.

Na kiwanja. Ukiapa, unaapa kuhusu mali yote, hata iliyo ng'ambo. Karatasi ya mauziano ina jina la mama na muhuri wa serikali ya mtaa, binamu akaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Ilibidi itafsiriwe, dola 45. Nasikitika kusema kuna bwana kwenye jumuiya yetu anayejaza fomu hizi kwa dola 250, yule yule wa kodi na makaratasi ya uhamiaji, na aliniambia: "Ya Bongo hawayaoni, acha." Asiye wakili anaruhusiwa kukuchapia fomu tu, haruhusiwi kukushauri. Ningeificha ile karatasi ningekuwa nimedanganya chini ya kiapo, na mahakama inaweza kukataa kukufutia madeni yote kwa kosa la namna hiyo. Hizo dola 250 zingekuwa ghali.

Kabla ya kusaini nilifanya kitu ambacho nakushauri na wewe ufanye. Kila wakili wa kufilisika lazima aiambie mahakama kwa maandishi amemtoza mteja kiasi gani, na karatasi hiyo inakaa kwenye faili. Mafaili hayo yako kwenye mfumo wa mahakama za shirikisho uitwao PACER: senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na usipovuka dola 30 kwa robo mwaka hulipi kitu. Nilimtafuta wakili wangu kwa jina, nikafungua mafaili matatu. Aliyonitajia yalilingana na aliyowatoza wengine. Na kama ada imezidi kazi iliyofanyika, jaji ana uwezo wa kuamuru irudishwe.

Hesabu yangu ilifungwa hivi: wakili 1,450, pamoja na kikao na simu zote za wadai. Mahakama 338. Madarasa 30. Tafsiri 45. Halafu uzembe wangu mwenyewe: nilisahau bili moja ya gari la wagonjwa, ikabidi iongezwe baadaye, dola 34 za mahakama na 75 za wakili. Jumla 1,972. Kwa hiyo kabla hujaenda ofisini, vuta ripoti zako za mikopo na upekue hata ile droo ya bahasha usizozifungua.

Ikiwa huna nyumba, huna ardhi, kipato ni kidogo na madeni ni ya kadi na hospitali, huenda huhitaji kulipa hata nusu ya hiyo. Jaribu msaada wa kisheria wa jimbo lako, au Upsolve, shirika lisilo la faida linalowasaidia watu wa namna hiyo kujaza fomu bure.

Usilipie mkalimani wa kikao pia. Changu kilikuwa kwa Zoom, na ofisi ya serikali inayosimamia wafilisi ilitoa mkalimani kwa simu bila malipo, kaka mmoja mwenye lafudhi ya Goma. Dakika saba zikatosha. Mfilisi aliuliza kuhusu ritani za kodi, akauliza kuhusu mchezo, kisha akafika Kibaha. Ni cha nani? Cha mama. Nani anaishi pale? Mama, nikasema, na kuku wake. Mkalimani akatafsiri yote kwa uaminifu. Mfilisi akanyamaza kidogo, akauliza kuku ni wangapi na ni wa nani.

Wa mama, nikasema. Kumi na wawili, kama kicheche hajapita.