Goti la Bandia, na Kazi Iliyo Baada Yake

Kwa wanachama wetu,

Tangu msimu uliopita tumeulizwa mara nyingi, na hasa na wazee wetu, habari za watu kupasuliwa goti na kutiwa jengine la chuma. Wako waliosikia kwamba mguu hukatwa wote kisha ukaungwa, na wako waliosikia kwamba mtu akitoka hospitali hupanda mkarafuu kama kijana. Yote mawili si kweli, na kila moja laweza kumtia mtu hasarani: la kwanza humfanya akimbie dawa, la pili humfanya aanguke. Kwa hivyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili.

Goti ni mahali ncha ya mfupa wa paja inapokutana na ncha ya muundi. Ncha hizi zimevikwa gegedu, nalo ni kile kitu cheupe chenye kuteleza mnachokiona mwisho wa mfupa wa kuku. Gegedu likisha kulika halirudi tena kama lilivyokuwa. Umri hulila, unene hulila, na goti lililoumia zamani kwa kuanguka mtini aghalabu huharibika mapema kuliko jenziwe. Mwisho mifupa husagana, goti huvimba na kuuma hata usiku, na mguu huanza kwenda upinde.

Hata hivyo, kisu si dawa ya kwanza. Mtu mnene akipunguza uzito goti hupata nafuu. Mazoezi ya kukaza misuli ya paja husaidia kuliko watu wanavyodhani. Na bakora nayo ina kazi yake, lakini ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi wetu huishika upande wa goti bovu, na hivyo huzidisha taabu. Ikiwa mtu amekwisha jaribu hayo, pamoja na dawa alizopewa na daktari, na bado hapati usingizi wala hawezi kufika sokoni, hapo ndipo yafaa aulize habari za kupasuliwa.

Tena asikawie mno. Tunamjua mtu wa aina hii, na kila kijiji kinaye: husema, "Nangoje karafuu zishe," na zikisha hungoja nyengine. Katika kungoja huko paja hukonda, goti hukataa kunyooka, na akija kupasuliwa huanza safari kutoka mbali zaidi kuliko aliyekwenda mapema.

Fikra yenyewe si mpya. Mnamo mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin aliwatia wagonjwa wake magoti ya pembe za ndovu, nazo zikashindwa kwa sababu ya usaha. (Siku zile Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe, lakini pembe alizozitumia hatukuambiwa zilitoka wapi.) Magoti ya namna tunayoyaona leo yalianza katika miaka ya 1960 na 1970. Kwetu sisi yaliyo karibu ni kama yale yanayotiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Mguu haukatwi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, au sindano ya ganzi mgongoni, na kazi yote huchukua kama saa moja hadi mbili. Daktari hufungua goti kwa mbele, huparuza ncha zilizoharibika kiasi cha milimita chache, kisha huivika ncha ya paja kofia ya chuma, na juu ya muundi huweka kisahani cha chuma chenye plastiki ngumu ya kutelezea. Mara nyingi vitu hivi hushikwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika kila magoti 100 ya namna hii, kama 80 hudumu miaka 25.

Sasa tunakuja kwenye neno letu kubwa. Daktari hufanya kazi ya saa mbili. Mgonjwa mwenyewe ana kazi ya miezi mitatu, na asipoifanya, ile ya daktari hupotea. Siku ile ile, au ya pili yake, atasimamishwa na kutembezwa kwa magongo. Litamuuma. Watu wa nyumbani, kwa huruma yao, watamwambia alale, na watamwekea mto chini ya goti ili apumzike. Mto huo ni adui. Goti lililolala limekunjwa wiki za mwanzo huzoea kukunjwa, na halinyooki tena sawasawa. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti linyooke, na mara kadhaa kila siku alikunje kidogo kidogo mpaka lifike pembe ya mraba na kuipita. Dawa ya maumivu aimeze kabla ya mazoezi, si baada yake. Katika kupanda ngazi atangulize mguu mzima. Katika kushuka autangulize uliopasuliwa. Wengi huiacha bakora baada ya wiki sita hivi, lakini uvimbe waweza kukaa miezi, wala usimtie hofu.

La kutia hofu ni hili: kidonda kutoa maji au usaha, homa, goti kuwa jekundu na kuuma zaidi kila siku, au shavu la mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafula na kifua kuchoma, maana hiyo huenda ikawa damu iliyoganda. Hapo asingoje chombo cha kesho. Mwenye kisukari akitengeneze kwanza kabla ya kupasuliwa, mwenye jino bovu aling'oe, na mvutaji aache sigara. Mafuta ya karafuu, ambayo ni fahari yetu, yasikaribie kidonda, na dawa yoyote ya miti anayoinywa mtu amwambie daktari.

Nyumbani patengenezwe mapema: kitanda cha kimo, kiti chenye mikono, na kiti chenye tundu kwa choo cha kuchutama. Goti jipya halikunjiki kama la asili, basi mbuzi ya nazi na jamvi la kuchambulia karafuu aziachie wengine, yeye achambue mezani. Kusali juu ya kiti ni ruhusa ya mgonjwa inayojulikana, na mtu asione haya mbele ya safu.

Na mkarafuu je? Hapana. Chuma hakikatazi kutembea shamba lote, lakini mtu akianguka, mfupa waweza kuvunjika pembeni mwa chuma, na kuunga mfupa huo ni kazi ngumu kuliko ile ya mwanzo. Tunajua hili ni zito kwa aliyepanda mti tangu utoto, na kwamba mchumaji wa kulipwa kwa pishi hula sehemu ya faida. Basi hesabu hiyo ifanywe kabla: nani atapanda, nani atasimamia jamvi, na miezi mitatu ile isiangukie wakati wa kuchuma. Yafaa pia tuseme kwamba kama mtu mmoja katika watano haridhiki kabisa na goti lake jipya, hata likiwa limetiwa vizuri. Maumivu makubwa huondoka kwa wengi, ujana haurudi kwa yeyote.

Mwanachama aliye na barua ya daktari asiyoifahamu aje nayo ofisini asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa, tutaisoma pamoja naye. Aje na mtoto wake mmoja, yule atakayekaa naye wiki sita zile.