Leseni Huria: Je, Zinaua Biashara ya Programu?

Vijana wanaotengeneza programu za kompyuta Kitale na Bungoma huuliza: nani atanunua kazi yetu ikiwa programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hupatikana bure?

Tuangalie hospitali. OpenMRS, programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH, unaohudumia pia Trans Nzoia na Bungoma. Baadaye KenyaEMR ilijengwa juu yake. Hailipiwi ada ya leseni, lakini lazima mtu aiweke kwenye kompyuta, afunze wahudumu, airekebishe na kulinda data. Hiyo ni kazi ya malipo.

Kabla ya kutumia msimbo wa wengine, soma leseni yake:

1. MIT na BSD: uza upendavyo, mradi uache tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni.
2. MPL, inayotumiwa na OpenMRS: ukisambaza faili ulizobadilisha, toa msimbo wake. Faili zako mpya hubaki zako.
3. GPL: kuuza kunaruhusiwa, ila mnunuzi ana haki ya kupata msimbo na kuwapa wengine.

Anayetegemea kuuza nakala atabanwa. Anayeuza huduma ana nafasi: mwaka 2019 IBM ilinunua Red Hat, kampuni ya programu huria, kwa takriban dola bilioni 34.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, andikeni: msimbo ni wa nani, leseni ni ipi, na matengenezo yatalipwa vipi.