Nauza gesi bila leseni, nitafungwa?

*Nauza mitungi ya gesi ya kilo 6 dukani kwangu Mukuyuni. Jirani ananiambia maafisa wanaweza kuibeba yote. Ni kweli? — Mama Duka*

Ni kweli, mama, kama huna leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Chini ya Sheria ya Petroli ya 2019 mitungi hutwaliwa, na unaweza kutozwa faini kubwa, au kufungwa. Hatari yenyewe imeonekana: usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka kwenye kituo kisicho na leseni Embakasi, Nairobi, watu wakafa.

Omba leseni sasa. Mtungi ukiletwa, kagua sili, upime, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliochapwa juu yake. Zisiposalia kilo 6, ukatae. Maafisa wakikufikia kabla ya kupata leseni, usibishane: dai orodha ya walichochukua, na umwone wakili kabla ya kuandikisha taarifa.