MZEE, PATA CHANJO KABLA YA KUCHIMBA

Leo tutajifunza juu ya wazee wanaotafuta metali ardhini kwa mashine. Metali ni vitu kama chuma, shaba, fedha na dhahabu.

Nchini Uingereza watu wengi hufanya kazi hii kwa kujifurahisha, hasa baada ya kustaafu. Mmoja wao alikuwa mtunza bustani, Eric Lawes. Alipostaafu alipewa zawadi ya mashine hiyo. Tarehe 16 Novemba, 1992, alikwenda shambani katika kijiji cha Hoxne. Rafiki yake mkulima alikuwa amepoteza nyundo. Mzee huyo alipokuwa akiitafuta nyundo, alikuta sarafu za dhahabu na za fedha. Hakuzichimba zote. Alitoa habari kwa wakubwa, na wataalamu wakaja kuchimba. Walipata sarafu za kale zipatazo 15,000. Mzee alilipwa, akagawana fedha na mkulima. Hata nyundo ilipatikana.

Hapa kwetu mashine hizi huonekana zaidi katika sehemu za dhahabu, kama Geita na Chunya. Mzee akitaka kuanza kazi hii, afanye nini ili asidhurike?

Mashine inavyofanya kazi

Mashine ina mpini mrefu. Chini yake kuna sahani yenye nyaya ndani. Mtu hutembea polepole huku akiipitisha sahani karibu na ardhi. Ikipita juu ya metali, mashine hulia. Sarafu ndogo huweza kusikika ikiwa chini kiasi cha shubiri moja. Lakini mashine hulilia pia msumari, kipande cha bati na kizibo cha soda. Kwa hiyo mtafutaji huchimba vyuma vichakavu mara nyingi kuliko mali.

Kazi hii ina faida kwa mzee. Hutembea, huinama na kuinuka, na akili yake hushughulika. Lakini ina hatari pia.

Hatari ya pepopunda

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Kutu yenyewe haileti ugonjwa huu. Msumari mchafu ukimchoma mtu, huingiza vijidudu ndani ya nyama. Baada ya siku chache, au hata wiki tatu, taya hukaza. Kisha shingo na mgongo hukakamaa. Mgonjwa huweza kufa.

Wazee wanaume wako katika hatari zaidi. Kwa nini? Wanawake wengi hupata chanjo ya pepopunda wakati wa ujauzito. Watoto hupata chanjo kliniki. Lakini mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1975. Wanaume wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa utotoni.

Basi, mzee, usianze na jembe. Anza na zahanati. Mwulize mganga juu ya chanjo. Mtu ambaye hajachanjwa hupata sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, na ya tatu baada ya miezi sita. Usiishie sindano ya kwanza.

Ukichomwa au kukatwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Usitie majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Mambo mengine ya kukumbuka

1. Vaa viatu vigumu na glavu. Usipekue udongo kwa mikono mitupu.

2. Toka asubuhi, kabla ya jua kali. Vaa kofia na chukua maji ya kunywa.

3. Piga goti unapochimba. Usiinamishe mgongo kwa muda mrefu. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha kazi na utafute msaada.

4. Ukiona kitu kama bomu au risasi, usikiguse. Weka alama mbali nacho, zuia watoto, na toa habari polisi. Nchi yetu imepita katika vita, kama Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979.

5. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Fukia kila shimo, ili mtoto au ng'ombe asivunjike mguu.

6. Kutafuta dhahabu bila leseni ni kosa. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukivikuta, toa habari kwa serikali.

Mali iliyolala ardhini miaka mingi haitakimbia. Inaweza kungoja mpaka umalize chanjo.

Maswali ya kujadiliana

1. Vijidudu vya pepopunda hukaa wapi?

2. Kwa nini wazee wanaume wako katika hatari zaidi?

3. Je, katika kikundi chenu ni nani aliyekwisha kupata sindano zote tatu?